Maji Niliyoyachora

Iveti, Machakos
Novemba 23

Kwa Peris, mwiitu wa mwaitu, binti wa mama yangu,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Kabla ya yote niambie, kifua kimepona? Mara ya mwisho ulikohoa kwenye simu mpaka mama akaninyang'anya ili akuamuru unywe maji ya tangawizi. Yeye hajambo. Magoti humsumbua asubuhi, lakini mvua ilipoanza aliyasahau, akaenda kupanda mbaazi kabla hata sijaamka. Mimi pia ni mzima, isipokuwa uvivu wa kustaafu, ambao sijaona dawa yake ikiuzwa popote.

Uliniomba vitu viwili: vitabu vya kuwaongoza watembeaji huko mlima Kulal na jangwa la Chalbi, na njia inayopitika kwa miguu, ili mwezi ujao uwatembeze wanafunzi wako kumi na wawili kutoka mlimani hadi ukingoni mwa jangwa. Njia niliichora upesi, nikakutumia mwezi uliopita. Vitabu ndivyo vilivyonitoa jasho.

Nilianza na maduka ya hapa mjini. La kwanza walinionyesha vitabu vya jiografia vya shule, ambavyo nimevifundisha miaka ishirini na makosa yake nayajua kwa kurasa. La pili, muuzaji aliniuliza kama huo mlima uko kwenye mtihani. Maktabani nilipata ramani ya Kenya nzima, na kidole gumba changu kikaifunika Marsabit yote. Mwishowe Ndolo, yule mzee anayetandaza vitabu vikuukuu juu ya gunia karibu na soko, alichimbua kimoja cha wapanda milima. Jalada halipo, lakini kina kurasa nne juu ya Kulal. Tulivutana bei kama watu wanaonunua ng'ombe.

Ndolo ndiye aliyenielekeza kwa Emily, karani ambaye kila Jumamosi anaongoza kundi la kupanda vilima vyetu. Hao vijana wanapanda Iveti bila kufuata mbuzi wala kuni, wanapanda tu! Simu yake ina njia walizopita watembeaji wengine, kila moja kwa mstari wa rangi. Nilipomtajia Kulal akaniambia alishuka kutoka huko hadi jangwani mwaka jana. Nikavimba kichwa. Nikatoa nakala ya ramani yangu nimwonyeshe msafiri mwenzangu.

Aliitazama kwa heshima, kisha akaweka kidole kwenye alama za samawati nilizotia katika mito mitatu mikavu, akauliza maji hayo yalionwa na nani. Nikacheka. Nikamwambia kwamba kwetu Ukambani mto mkavu una maji chini. Unachimba mchanga, unangoja kidogo, unateka. Wewe na mimi tulilelewa na maji hayo, Peris. Emily kwao ni Masinga, naye akasema alikuwa na imani hiyohiyo. Katika mto wa pili alichimba mpaka mkono ukazama begani, akatoa mchanga mkavu wenye joto. Kundi lao liliponea madumu yaliyobebwa na ngamia wa mwenyeji wao. Halafu akaniuliza, bila ubaya wowote, mimi nilipita huko mwaka gani.

Nilimshukuru, nikarudi nyumbani. Tangu siku hiyo nimekupigia simu mara mbili nikikusudia kukuambia, na mara zote mbili nimeishia kuuliza habari za mbuzi wako. Kwa hiyo naandika.

Sijawahi kupita huko, dada yangu. Ile safari ya chuo, wewe ukiwa na miaka tisa, niliumwa tumbo siku ya kwanza. Nilibaki chini ya mlima siku nne pamoja na mpishi, nikimmenyea viazi. Wenzangu waliporudi walisimulia, nami nikaja kusimulia nyumbani kana kwamba miguu ilikuwa yangu. Lile jiwe jeusi unaloliweka mezani pako nilipewa na Mutiso tuliyekuwa naye chuoni. Baba alipomchinja yule mbuzi wa kunipongeza na kuwaita majirani, nilikuwa nimeshachelewa kurudi nyuma. Nawe ulikuwa umekaa karibu na magoti yangu, ukiniuliza jangwa lina rangi gani.

Ulipoomba kupelekwa kufundisha kaskazini ulisema ni kwa sababu yangu. Watu wote walifurahi, mimi nikashindwa kula. Naona aibu, Peris, lakini aibu hainitishi kama vile kuwafikiria wale watoto wakiinama juu ya mchanga niliouchora nikiwa nimeketi hapa barazani.

Ichane ramani yangu leo, mbele ya binamu yetu Festus. Nimempa barua hii mkononi kwa kuwa lori lake la machungwa litafika kwako wiki mbili kabla ya safari. Ndani ya kifurushi mna kitabu, njia ya Emily iliyochapishwa, na namba ya mwenyeji mwenye ngamia. Usiondoke bila yeye.

Mama anakusalimu sana. Bado hajui, nitamwambia Jumapili tukitoka kanisani, aniaibishe vizuri. Wasalimie wanafunzi wako, na waambie ukweli kunihusu.

Festus anarudi huku kuchukua machungwa mengine ya kuleta huko kabla ya safari, na kiti cha mbele hakina mtu. Ikiwa baada ya kusoma haya bado unanitaka, mwambie. Sitaongoza mtu yeyote. Nitatembea nyuma yenu, nimebeba dumu la maji.

Kaka yako,
Mwangangi