Maua ya Gauni Lako

Dada yangu kipenzi,

Kaka yako nina bahati ya ajabu: kompyuta ikiniona tu, inapona! Ya Mama niliiwekea mfumo mpya, ikang'aa kama sahani ya wageni. Kumbe programu yake ya zamani ya kutarizi haifunguki kwenye mfumo huo, na maua ya gauni lako la harusi yamo humo. Mama akafoka, "Mjuaji wewe! Dada yako aolewe na gauni lisilo hata ua moja?"

Basi ikawashwa ile kompyuta kuukuu tunayoegesha pasi juu yake, yenye mfumo wa zamani na nakala ya maua. Programu ikafunguka, maua yote yapo! Gauni limekamilika, lala usingizi.

Ile bahati ni uongo, dada. Aliyeiwasha ile kuukuu ni Mama. Mimi nilikuwa nimejifungia chooni.

Kaka yako,
Profesa