Mpera wa Mama

Dodoma, 4 Machi 2024

Wifi Katarina,

Tumsifu Yesu Kristo. Huku wazima, isipokuwa mafua ya watoto. Miguu ya mama inaendeleaje? Naandika kwa sababu nikipiga simu naishia kulia.

Kaka Konstantini kaniambia siku hizi watu wa Nangara wakiumwa tumbo wanakuja kwako, unawachemshia majani ya mpera wa mama. Eti unajua hata magome ya kuoshea vidonda, na majani machanga ya kutafuna fizi zikivimba. Mimi niliyezaliwa na mama, nikisogelea chungu chake alikuwa ananifukuza: "Nenda kasome." Wewe umeolewa juzi tu, kakupa vyote!

Wifi yako, Genoveva

Nangara, 19 Machi

Wifi, shikamoo.

Poleni na mafua. Miguu ya mama bado inavimba, ila anakula vizuri.

Mikono yake inatetemeka, hawezi kutwanga. Alikuwa ananielekeza, mimi natwanga, ndivyo nilivyojua. Njoo likizo, atakufundisha na wewe. Anakutaja kila siku.

Wifi yako mdogo, Katarina

Dodoma, 2 Aprili

Katarina,

Wasalimie wote. Usinieleze habari za mama yangu. Nije kwetu kama mgeni, wewe ndiye mwenyeji? Nimemwandikia kaka yangu: mpera ukatwe, mama ajengewe chumba pale ulipo, apate jua. Tuone utachemsha nini.

Genoveva

Nangara, 11 Mei

Wifi, shikamoo. Natumaini watoto wamepona.

Konstantini aliukata mpera mama akiwa kliniki. Matawi kachongea mipini ya majembe. Mama aliporudi alisimama pale pale, akauliza, "Nani kasema ukatwe?" Konstantini akainama. Nikasema ni mimi. Nilijua akisikia ni wewe, ataumia zaidi.

Wiki ya tatu hii hanisemeshi. Jana jirani yetu Josephine alikuja kuomba majani, mama akamjibu, "Hakuna tena. Genoveva wangu angekuwepo, asingekubali."

Katarina

Dodoma, 20 Mei

Mdogo wangu Katarina,

Sijui hata nikusalimieje. Barua yako niliisoma nikafurahi. Sikufichi: siku nzima nilifurahi kwamba mama kakukasirikia wewe, kanisifu mimi. Kesho yake niliisoma tena, nikaona haya, nikaenda kukata tiketi.

Ijumaa napanda basi. Usinipikie. Nipeleke kwa mama moja kwa moja, na nikianza kusema, tafadhali usitoke nje.

Dada yako, Genoveva