Kiti cha Mjomba na Mkia wa Simba

Sek Kiu, siku chache baada ya harusi

Kaka yangu Gam-tong,

Pokea salamu za mdogo wako, ambaye bado anakuhesabu kaka hata kama wewe umeshamfuta. Huku sote tu wazima, isipokuwa mume wangu, ambaye tumbo linamsokota kwa kung'ang'ania viporo vya harusi. Nimemwambia kiporo cha samaki hakina urafiki, hasikii. Je, wewe hujambo? Mama watoto hajambo? Kile kikohozi chake kimepoa? Na goti lako la kushoto linaendeleaje? Usishangae nikiuliza habari za goti. Nina sababu, na utaiona ukisoma mpaka mwisho.

Nimeshika kalamu kwa sababu simu ya dukani kwenu nimepiga mpaka nimechoka, na kila ukinisikia unasema nimekosea namba, unakata. Kaka, sauti hii umeisikia tangu nilipokuwa nikilia mgongoni kwa mama, leo imekuwa namba iliyokosewa? Haya, bwana. Barua haina cha kukata. Tena nakujua vizuri, wewe husoma hata gazeti lililofungiwa samaki.

Basi, mpwa wako Chi-hang ameoa. Bibi harusi ni yuleyule Yuk-lin, binti wa Tam Yiu-kei wa Lung Tong, na hukuweza kuizuia harusi kwa kununa. Tulipokuletea keki za uchumba ulizirudisha na dereva wa basi, ukampa na ujumbe kwamba hutakaa meza moja na mtu aliyemng'oa ndevu simba wa ngoma wa baba. Tulisikia. Ila tulipofungua masanduku, lile la keki za mbegu za yungiyungi lilikuwa limepungua vipande viwili. Dereva ameapa kwa kaburi la bibi yake kwamba si yeye. Sijasema kitu.

Sasa wewe ni mtu mzima, huna haja ya kufundishwa mila. Mbinguni radi, duniani mjomba. Karamu ya harusi haianzi mpaka kaka wa mama wa bwana harusi akae kwenye kiti kinachotazama mlango, ashike vijiti, aonje. Asipoonja, hakuna anayeonja. Na mama yetu alinizalia kaka mmoja tu. Wifi yangu Mei-ho, dada wa mume wangu, unamjua mdomo wake, alianza mapema kupita nyumba hadi nyumba akiuliza kwa huruma ya uongo kama ni kweli mimi niliokotwa kwenye mianzi, maana mtu mwenye kwao hakosi wa kumkalia kiti. Akasema pia kwamba mke anayeingia bila mjomba kuonja ameingia kwa mguu wa kisirani, na kwamba Yuk-lin ataitwa mvunja ukoo kabla hajajua sufuria zilipo.

Hilo ndilo lililonikosesha usingizi. Mimi nimezoea kusemwa, ngozi yangu imeshakuwa ngumu. Lakini binti wa watu kakosa nini? Siku ya ndevu alikuwa bado ananyonya. Na mimi nami, kaka, nisikufiche, niliogopa. Mwanamke ambaye kaka yake hakuja kwenye karamu ya mwanawe, siku akigombana na mumewe atarudi kwa nani?

Siku yenyewe ikafika. Meza zilijaa ukumbi wa mababu, zikatoka uani, zikafika karibu na bwawa la bata. Kiti chako nilikifunika kitambaa chekundu kwa mkono wangu. Watu wakaketi, wakatafuna mbegu za tikiti, wakanywa chai, wakatazama mlango. Mimi nilikuwa kwenye mlango huo, shingo imenirefuka kama ya bata bukini. Kila basi lililopita nilisema ni hilo. Mbegu zikaisha, maganda yakajaa chini, watoto wakaanza kulia njaa. Mpishi akaja mbio na mwiko mkononi, akamwambia mume wangu mbele za watu kwamba samaki wameshaiva na samaki hawamjui mjomba, wakikaa dakika mbili tu zaidi watakuwa kandambili.

Mei-ho akakohoa. Unakijua kikohozi chake.

Hapo mume wangu akafanya jambo ambalo hakuniuliza. Alikwenda meza ya mwisho karibu na bata, akamshika mkono Pang, yule muuza bukini wa kubanika pale sokoni, akamvalisha koti lake mwenyewe, akamleta mbele na kuwatangazia watu kwamba huyu ni kaka yangu mimi, wa upande wa mama, ametoka mbali, alichelewa njiani. Mbali gani, kaka? Nusu ya watu wale walinunua bukini kwake asubuhi ileile! Lakini njaa haina macho. Watu wakapiga makofi.

Nilidhani Pang ataona haya. Wapi! Mtu yule alikikalia kiti chako kama amezaliwa nacho. Akadai chai ya moto, ile ya kwanza akasema imepoa. Akamwita Chi-hang, akamsimamisha, akamhubiria kuhusu subira ya ndoa, yeye ambaye mkewe alimkimbia kwa ajili ya harufu ya mafuta. Halafu akanigeukia mimi, akaniita "dada yangu mdogo," akanigombeza kwamba nimekonda na kwamba tangu mama afariki sisikii ushauri wake. Nikajibu, "Ndiyo, kaka." Ulimi uliniwasha, lakini nikajibu hivyo. Yote hayo ni kwa ajili yako, na Mungu wa Jikoni, anayehesabu matendo ya kila nyumba, ameandika.

Fataki zikalipuliwa. Sinia la kuku likawekwa mbele ya Pang. Akakunja mikono ya koti, akashika vijiti. Mimi nikafumba macho, maana sikutaka kuona mtu baki anafungua karamu ya mwanangu.

Ndipo ngoma ikalia mlangoni, na simba akaingia.

Mume wangu alinitazama akidhani wakwe ndio waliomleta. Wakwe walitutazama wakidhani ni sisi. Alikuwa simba wa ngoma wa zamani, wa kuchezwa na watu wawili ndani yake, amepakwa rangi upya vibaya, na kidevuni hana hata unywele mmoja. Miguu ya mbele ilikuwa ya kijana, inaruka, inatamba. Ya nyuma, ee kaka, ya nyuma ilikuwa na mambo yake. Mbele akiruka, nyuma anafikiria kwanza. Mbele akigeuka kulia, nyuma ameshagonga nguzo. Kwenye kizingiti miguu ya mbele ilivuka kwa madaha, ya nyuma ikasimama, ikajishika goti, ndipo ikavuka, moja, halafu ya pili. Watu walicheka mpaka chai ikawatoka puani. Mei-ho akasema kwa sauti kwamba huyu simba kajifungua juzi, mwacheni apumzike.

Akaja moja kwa moja mpaka meza kuu. Kichwa kikaanza kunichezea mimi na maharusi, kikipepesa macho, kikitikisa masikio, na watu wote wakawa wanatazama kichwa. Nyuma huku, mguu mmoja ukainuka, ukakipiga teke kiti cha Pang. Si teke la bahati mbaya. Mguu ulilenga! Pang akaenda chini na koti la mume wangu, vijiti vyake vikaruka mpaka kwa wakwe. Kisha, mbele ya macho yangu haya mawili, mkono ukatoka tumboni mwa simba. Ukapapasa sinia. Ukaruka mapaja, ukaruka kifua, ukachukua kitako cha kuku. Ukarudi ndani. Na sisi wa meza kuu tukasikia simba anatafuna kwa nyuma.

Mei-ho akasimama, akauliza kama watu wameona, karamu imefunguliwa na mnyama, laana gani hii. Nikaona yamekwisha. Hapo Yiu-kei naye akasimama, mkwe wangu, adui yako. Uso ulikuwa mwekundu, na mimi nikajua sasa ni vita, Lung Tong na Sek Kiu watarushiana mabakuli siku ya harusi ya mwanangu. Alitembea mpaka kwa mpiga ngoma, akanyoosha mkono, akapokea fimbo za ngoma. Akampa kisogo Mei-ho, akasema tu: "Aliyestahili kuonja ameshaonja. Leteni samaki."

Kisha akapiga ngoma. Akapiga ule mdundo wa zamani wa mashindano ya simba, usiku wa sikukuu ya taa, ambao siku hizi vijana hawauwezi. Simba alisimama tuli, kama mtu aliyeitwa jina lake la utotoni. Halafu mkia ukanyooka. Kaka, mkia ule ulicheza! Goti liliacha kuwa goti. Ukaruka juu ya benchi, ukayumba, ukashika, wazee wakaanza kushangilia kwa kelele, hata Pang pale chini akasahau kuinuka. Simba alipomaliza alinijia, akaniinamia mara tatu, kichwa na mkia pamoja. Ndipo akatoka mlangoni, akichechemea mguu wa kushoto.

Samaki walikuwa wamekuwa kandambili kweli. Tukawatafuna hivyohivyo.

Kaka, sasa nisikuzungushe. Mkono uliotoka tumboni mwa simba ulikuwa na kidole cha mwisho kilichopinda kwa ndani. Kidole hicho nakifahamu. Kilivunjika siku ulipoanguka kutoka kwenye mti wa matunda wa watu, ule mlaichi, na mimi nilikuwa chini nimetandaza sketi nikudake, nikakukosa. Na katika ukoo wetu wote, wazima na wafu, ni mtu mmoja tu anayeruka paja la kuku akafuata kitako. Nilikujua tangu kwenye kizingiti. Nilikuwa nacheka na watu huku machozi yananitoka, wakadhani ni kicheko. Umefurahi sasa? Mtu mzima na mvi zako, unaingia harusi ya mpwa wako ukiwa umejificha kwenye makalio ya simba kwa sababu ya kiburi!

Lakini umekuja. Umeonja wa kwanza, kama mila inavyotaka, na Yuk-lin ameingia nyumbani kwa mguu mzuri. Mei-ho anaendelea kusema habari za mnyama, na mimi namwacha aseme. Naijua siri yangu, na imenishibisha kuliko karamu.

Lipo jingine, na hili lisome umekaa. Jioni, wageni wakiondoka, Yiu-kei alinivuta pembeni. Alisema alikujua kabla yangu, kwa kuwa mkia huo aliufukuza ujana wake wote, baba akiwa kichwa na wewe nyuma. Halafu akaniungamia jambo ambalo hajamwambia hata mkewe. Usiku ule wa ndevu, simba wao na simba wetu wakishindana, jukwaa lilikuwa limelowa, naye aliteleza. Hakuwa anashambulia. Alikuwa anaanguka chali, akashika kilichokuwa karibu, na kilichokuwa karibu ni kidevu cha simba wetu. Alipoinuka akajikuta ana ndevu mkononi, na Lung Tong nzima inamshangilia, wamemnyanyua mabegani, wanamwita shujaa. Aliniuliza, "Dada, ungekuwa wewe, ungewaambia jamani nishusheni, niliteleza?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Miaka kumi na tisa, kaka! Baba alikataa kula, wewe ukaapa, kijiji cha kwetu na Lung Tong havisalimiani, kisa mtu kateleza! Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Mimi nimelima vya kutosha, mgongo unaniuma. Nipatie nafasi nichukue kapu.

Pamoja na barua hii utapata kifurushi. Ndani yake mna ndevu za simba wa baba. Yiu-kei alizitunza kwenye kopo la chai, na zinanukia chai mpaka leo. Amesema mwenye simba azishone mwenyewe. Sikukuu ya mbalamwezi tutakula wote hapa, na yeye atakuwepo. Kiti chako nimekifunika tena. Usipokuja, ujue Pang yuko tayari. Tangu siku ile hajanirudishia koti la mume wangu, na kila nikipita sokoni anapaza sauti, "Dada mdogo, umekula?" Asubuhi ya leo amenishauri kuhusu ndoa yangu. Nakuomba uniondolee huyu mtu.

Msalimie mama watoto, umwambie Yuk-lin anamletea tangawizi ya kikohozi. Wasalimie na watoto. Chi-hang anakusalimu sana, anasema hajapata kuona mjomba anayerusha teke vile, na mimi nimemwambia anyamaze.

Ni mimi dada yako, uliyenitumbulia macho kupitia tundu la tumbo la simba,

Sau-king

Tena: kifurushini mna chupa ya dawa ya kuchua goti, ile nyeusi anayotengeneza tabibu wetu. Najua utaapa kwamba siku ile hukuwepo, na goti lako halina lolote. Sawa. Kama hukuwepo, nirudishie chupa na dereva wa basi. Ila nimeiwekea alama ya wino pale dawa ilipofika, na safari hii dereva hatasingiziwa.