Pikipiki Yako Ilizunguka Kiwanja

Jérémie, mutoto yangu,

Ile siku tulikuzika, udongo ulikuwa na maji, na miye sikuwa hata na kitenge ya pili ya kukufunika. Kifua yako haikupendaka baridi. Mpaka leo mvua ikianza kupiga mabati ninasimama, nataka kukuletea blanketi, kisha ninakumbuka. Basi nimekaa, nakuandikia. Masomo yangu iliishia mwaka wa tatu, unajua, utanivumilia.

Siye tuko. Soko imefunguliwa, si kila siku, lakini imefunguliwa. Nauza tena sombe, majani ya muhogo, na samaki ya ziwa. Risasi tunasikia mbali tu, upande wa milima. Dada yako Furaha amerudi kutoka muji wa Mambasa na mimba, anakula udongo kama vile miye nilikula nikiwa na mimba yako. Namukataza, anacheka.

Sasa nikuambie. Nilienda kumuona Faustin, kapiteni wenu wa mupira. Desturi ya ekipi yenu unaijua: muchezaji akikufa, sanduku yake inapita kwanza kiwanjani, inazunguka mara moja, inasimama kidogo mbele ya goli, kisha njo inaenda kaburini. Weye haukupata. Vita ilikuwa barabarani, majirani watatu walichimba nyuma ya nyumba mbiombio, basi. Sasa mwaka umepita, tunataka kumaliza matanga. Nikasema, hata kama sanduku hakuna, wazungushe glavu zako za golini.

Faustin alinipa kiti, akanipa maji, kisha akakataa. Alisema, "Mama, gardien wa goli aliyeuza mechi, siye hatumuzungushi." Hakusema kwa ukali. Hiyo njo iliniumiza.

Jérémie, walikuita Sumaku. Mupira ulikuwa unakuja wenyewe mukononi mwako. Kila mechi ulipitia kwanza jikoni kwangu, unaingiza mikono kwenye mbabula ya makaa yenye kupoa, unajipaka majivu, unaniambia, "Mama, leo hakuna kitu kitateleza." Watoto wa kartie yetu, mutaa nzima, wakaanza kujipaka majivu, mama zao wakanigombeza miye.

Siku ya finali haukuja kuchukua majivu. Niliona. Na juma moja mbele ya finali ulikuwa umeniambia, "Nitapata pikipiki, usiniulize." Sikukuuliza. Nilikuwa napepeta muchele, nikaendelea kupepeta. Magoti yangu ilikuwa imechoka na kubeba vitunga, nikafikiri, mutoto atanipeleka sokoni kama mama wa watu. Kisha nikaona magoli matatu inapita chini ya mikono yako, mipira ambayo hata miye na kitenge yangu ningeikamata.

Pikipiki ikakuja. Tukaipanda kwenda kanisani, watu wakatugeuzia mugongo. Bwana ya Mama Rebeka, jirani yetu, alitupa jiwe kwenye mulango yetu. Uliiokota, ukaiweka dirishani. Mpaka leo iko pale.

Halafu ile asubuhi ya vita watu walianza kukimbilia upande wa uwanja wa ndege. Mutu wa kwanza uliyemubeba alikuwa Mama Rebeka mwenyewe, uchungu wa kuzaa umemushika, ameshika shati yako kwa meno. Ukarudi, ukachukua muzee kipofu. Ukarudi tena. Kila mara ulipita kwangu: "Mama, ngoja, bado wale hawawezi kutembea." Nikakukasirikia. Nikakuambia unibebe miye kwanza, miye niliyekuzaa. Hayo njo maneno yangu ya mwisho kwako, na nimeyalilia mpaka macho imekauka. Mara ingine haukurudi. Pikipiki ilirudi, watu wawili wanaisukuma, wakaniambia risasi imekupata barabarani.

Hayo ya kubeba watu yote nilimwambia Faustin. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Ya barabara tunaijua, Mama, kila mutu anaijua. Lakini ya kiwanja, hakuna mutu wa nyumba yenu aliyeitamka mbele ya watu."

Nilirudi nyumbani. Niliogopea jina lako. Na kusema kweli niliogopea langu.

Jumapili misa ilipoisha nilisimama kiwanjani mbele ya goli, pikipiki yako na glavu zako kando yangu. Watu walikuwa wengi kuliko nilivyofikiri. Nilisema: "Mutoto yangu aliuza mechi. Na miye nilijua mbele ya mechi, nikanyamaza, sababu nilitaka pikipiki." Muzee mumoja alitema mate. Nyuma kule mutu alicheka, wakamunyamazisha. Miye nikabaki nimesimama pale, sina tena kitu ya kuficha, na nikasikia pumzi inaingia mpaka chini.

Faustin akavua kofia. Akaweka glavu zako kwenye kiti cha pikipiki, akaisukuma mwenyewe kuzunguka kiwanja, bila kuwasha. Mama Rebeka akafuata na mutoto wake mugongoni, tena bwana yake alikuwa kando yake. Si wote walifuata. Wengine walitugeuzia mugongo mpaka tulipopita. Siwachukii, walilia sana siku ya finali. Mbele ya goli tukasimama. Nilikuwa nimebeba majivu ya mbabula ndani ya kikopo ya nyanya. Nikapaka glavu, moja, ya pili. Faustin akaangalia, akanyoosha mikono yake na yeye, nikamupaka.

Pikipiki nimemuachia Faustin. Wamama wa kujifungua anawapeleka hospitali. Siku ya Furaha ikifika, atamupeleka.

Na mutoto wa Furaha akiniuliza mujomba wake alikuwa nani, nitaanza na majivu, nitapita kwenye finali, nitafika barabarani. Hata sehemu moja sitairuka, hata ile yangu. Nakuahidi hivyo.

Lala, papa, mutoto yangu. Jua imewaka juma nzima, udongo juu yako umekauka.

Mama yako