Mkono Wangu wa Kushoto

Mama yangu, shikamoo.

Leo Jumamosi ungekuwepo ningekupigia simu. Mwaka wa tatu sasa tangu utuache, na bado nikikwama nakutafuta wewe.

Unakumbuka darasa lako la chekechea kule Mbinga, chumba cha nyuma ya kanisa? Madaftari hatukuwa nayo. Ulitutoa nje, ukasawazisha mchanga kwa kandambili, ukanishika kidole tukachora “a” pamoja, mara moja tu. Kisha ukanyanyua mkono wako. “Haya, nimekuachia.” Nikachora kitu kama kiazi. Ulicheka mpaka ukakaa chini, ukasema ndiyo hiyohiyo. Kazi hii niliipenda kwa sababu yako, nikaja kuifanya huku Chamazi.

Nina watoto arobaini na watatu, peke yangu tangu mwenzangu aache kazi. Wana miaka mitatu, minne. Huyu namfunga kamba za viatu, yule kajikojolea, wawili wanagombania kikombe cha uji. Mwenye shule naye anataka kila daftari lijae kila siku, la sivyo wazazi watahamisha watoto. Mwanzoni niliwashika mikono mmoja mmoja, muda ukanishinda. Sasa wakilala mchana nawaandikia mimi, kwa mkono wa kushoto, ili mwandiko upinde kama wa mtoto. Halafu nasahihisha kwa wa kulia: Vizuri sana. Usinitazame hivyo, Mama.

Jana mama yake Haitham alikuja kumchukua, daftari mkononi, kafurahi kweli, akamwambia mwanawe:

“Haitham, hebu mwandikie mama ‘a’ moja tu hapa.”

Mtoto akashika penseli, akatulia. Kisha akaninyooshea mkono wake, nimshike.

“Ticha, huyu ananifanyia makusudi eti? Mbona kwenye daftari anaandika?”

“Ana aibu tu, mama Haitham.”

Akanirudishia daftari, akamvuta mtoto sikio. “Twende, nyumbani utaandika.” Haitham akalia akiniangalia mimi, si mama yake. Nami nikawapungia mkono getini.

Zamani nilikuwa nawahi shuleni kwa hamu, siku hizi nikisikia geti linafunguliwa najitafutia kazi ndani, nisikutane na mzazi. Nikisema ukweli nafukuzwa, na atakayekuja ataandika vilevile. Nikinyamaza, mtoto anavutwa sikio kwa uongo wangu. Najua ungesema nini, lakini wewe hukuwa na watoto arobaini na watatu. Au ulikuwa nao, sikuwahi kukuuliza.

Madaftari nimekuja nayo nyumbani, Jumatatu yanatakiwa yawe yamejaa. Nimefungua la Haitham tangu ukurasa wa kwanza. Mwanzo wa muhula “a” zangu zilikuwa viazi, kama ile ya mchangani. Za juzi zimekaa sawasawa kwenye mstari, wala hazitetemeki. Darasa zima, Mama, aliyejifunza kuandika ni mkono wangu wa kushoto.

Pumzika. Mimi sijui nifanye nini.

Mwanao, na mwanafunzi wako