Mamba wa Mjomba Afungiwa Mtandaoni

4 Machi

Mpwa wangu Kidomo,

Salamu kemkem. Mimi chuma, hata mafua yananiogopa, wewe je? Nakuandikia nikiwa mtu mzito: wakubwa wa mtandao, dunia nzima, sasa wananisikiliza mimi. Nimesema "fungeni", wamefunga!

Kuna mwizi kairusha mtandaoni simulizi yangu ya mamba aliyenikimbiza mtoni, ile ninayowapa wateja nikiwanyoa. Watu elfu saba wameisikiliza bila idhini yangu! Tena ananiigiza kwa kisauti cha mbuzi mwenye kikohozi. Nikaenda kwa fundi kompyuta, mlango wa pili kutoka saluni, nikamwambia, "Andika malalamiko. Hakimiliki ni yangu, aliyekimbizwa ni mimi." Kesho yake ukurasa chali! Sheria hii naijua kuliko walioitunga.

Mjomba wako, mwenye mali

6 Machi

Shikamoo Mjomba,

Mzima mimi, ila sijui nicheke au nilie. Mwizi ndiye mimi! Nilikurekodi nilipokuja likizo, nikaweka mtandaoni nikushtukize. Nilipaswa kukuomba kwanza, simulizi ni yako, hapo nimekosa. Na huyo mbuzi ni wewe mwenyewe.

Lakini Mjomba, simu niliyorekodia ilitumbukia kwenye ndoo ya kufulia, ikafa. Nakala iliyobaki ni hiyo waliyoifungia, na usipoondoa malalamiko kufikia Ijumaa wanaifuta kabisa. Mle ndani yumo marehemu Bibi, kakaa kwenye benchi la wateja, anacheka. Sauti yake hatuna kwingine. Kwani uliisikiliza hadi mwisho?

Mpwa wako mkorofi

9 Machi

Mjomba, shikamoo. Mbona kimya? Kesho ndiyo Ijumaa. Tafadhali.

Mpwa wako

11 Machi

Kidomo wangu,

Marahaba mara mbili. Fungua ukurasa uone! Nimewaamuru wakubwa wa mtandao wakasimama wima. Haya, fundi kompyuta ndiye aliyebonyeza, lakini nilimsimamia kwa ukali.

Jana tuliweka spika mlangoni. Marehemu mama alipoanza kile kicheko chake cha kukatika pumzi, saluni nzima ikaangua. Mteja wangu mmoja alitoka nje nusu kichwa hakijanyolewa, kajishika mbavu. Nikairudia hadi spika ikachemka. Iache wazi, asikie kila mwenye masikio. Ruhusa nimetoa.

Sasa hili usimwambie mama yako. Kile kisauti nilikitambua tangu neno la kwanza. Sikukifunga kwa ajili ya mwizi. Nilikifunga kwa ajili ya pale mwishoni, mama anaposema, "Mwongo huyu! Mamba gani? Alikimbizwa na bata wa jirani, akapanda juu ya kabati, akakataa kushuka mpaka baba yake aliporudi kutoka kazini."

Ni kweli, mwanangu. Alikuwa bata. Tena mdogo.

Mjomba wako