Maji ya Mvua Yaliyoosha Gari

Baba Katee,

Ukitoka kinyozi, lisha kuku na ufunge geti. ~~Nakungojea.~~ Nimetangulia harusini.

Asante kwa kuosha gari asubuhi. Ile maji ya mvua niliyokinga wiki mbili nioshee nywele leo, naona ilitosha hadi magurudumu. Ya borehole, kile kisima chetu, iko na chumvi, ingeharibu rangi ya gari. Kichwa cha bibi yako hakina shida. Nimekiosha na hiyo hiyo ya chumvi, nikapaka mafuta nusu chupa, na bado nywele zangu za kujikunja zimesimama zote kama zimeitwa mkutano. Na dada yako ananitaka mbele kwa picha.

Kwa hivyo gari nimeenda nayo, angalau watu waangalie kitu kinang'aa. Wewe kuja na boda. Vumbi ikikupata usijali, tangi ya borehole imejaa.

Mama Katee